Maneno Sita kwa Ukurasa

Ukurasa mzima ulikuwa na maneno sita. *Mzee akainuka, akafungua mlango wa ghala.* Basi, umeisha. Fundi akagusa ukingo wa kioo, ukurasa ukageuka, yakaja maneno mengine sita, manene kama maandishi ya bango la duka la jumla. Akagusa tena, mambo yakawa yaleyale. Alikuwa amekiokota kile kibao cha kusomea juu ya kochi ili apate pa kukunjia sare za watu, akajisemea ngoja nichungulie, huyu bwana anacheka nini peke yake siku hizi. Sasa alikuwa amesimama katikati ya sebule, wala hacheki.

Mumewe akatoka kuoga, taulo shingoni.

"Kapteni, hiki kidude chako kinaumwa," Fundi akamwambia. "Herufi zimevimba."

"Hakiumwi. Binti yako ndivyo alivyoniwekea alipokileta."

"Binti aliziacha ndogo. Nilikuwepo."

"Basi nimezikuza mimi. Kuna sheria?"

Jina la Kapteni alipewa na watoto wa shule ambao alikuwa akiwaendeshea basi, wakubwa nao wakaliokota humohumo. Mkewe alikuwa Fundi kwa mtaa mzima, na hata kwa mumewe, kwa sababu ya cherehani iliyokaa dirishani mwao. Fundi hakubishana naye. Mtu aliyezoea kupima watu viuno habishani na mteja anayeapa kwamba hajanenepa. Anavuta futi kamba, basi.

"Nitungie uzi," akasema, akamnyooshea sindano.

"Mikono yangu inanuka dizeli."

"Si umetoka kuoga sasa hivi?"

Kapteni akajikausha masikio, ambayo yalikuwa makavu tayari. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akimtungia uzi, tena kwa maringo, huku akimtania kwamba fundi gani huyu, sindano na tundu lake hawajuani. Fundi akakumbuka kwamba kwa muda sasa hapakosekani kisingizio: mara dizeli, mara haraka, mara taarifa ya habari inaanza.

"Niangalie," akasema.

"Nakuangalia."

"Unaangalia sikio langu, baba."

Kapteni akakaa juu ya sare zilizokwisha kunjwa, na Fundi hakumwambia ainuke. "Nikikutazama usoni, uso unapotea," akasema hatimaye. "Nikitazama pembeni, unarudi. Pale katikati pameingia moshi. Herufi zikiwa kubwa nazipata kwa pembeni, moja moja. Unajua nilikuwa sijasoma kitabu tangu lini? Nikawa nawaambia watu vitabu vya siku hizi havina ladha."

"Na watoto wa watu unawaendeshaje?"

"Njia ile ningeiendesha hata nikiwa usingizini. Naona nguzo, naona magari, naona yote ya pembeni."

"Na kile kioo cha pembeni cha basi kilivunjwa na nini?"

"Tawi."

"Kapteni."

"Nimesema tawi, Fundi." Kisha sauti ikashuka. "Muhula huu ukiisha nastaafu. Wananipa kiinua mgongo changu, natoka kwa heshima. Nikitolewa sasa kwa sababu ya macho, watasema nilificha ugonjwa, na anayeficha ugonjwa hapewi kitu, ndivyo mkataba unavyosema. Tutakula vifungo vyako? Zimebaki wiki chache tu. Chache, mke wangu."

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kusema hapana. Neno lenyewe lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini alitazama paa lao ambalo lilikuwa linasubiri hicho kiinua mgongo, akamtazama mumewe aliyekuwa akiongea na sikio lake kwa upole wote ule, akanyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa kukubali, na wote wawili walijua.

&nbsp;

Shida ya kwanza ilikuwa Jumamosi.

Kila Jumamosi alasiri watu wanaopenda kusoma walikutana sebuleni kwao: Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha, Kinyozi, aliyesoma riwaya akisubiri wateja na kuudhika walipofika, Nesi wa hospitali ya serikali, na wenye nyumba. Kanuni yao aliiweka Mwalimu zamani. Kila mtu analeta kitabu anachokisoma, anamkabidhi aliye kulia kwake, na huyo anasoma kwa sauti ukurasa mmoja, palepale mwenye kitabu alipoishia. Ndipo mwenye kitabu anasimulia yaliyotangulia. Mwalimu alichoka na watu waliobeba vitabu kama wanavyobeba mikoba, alama imekaa ukurasa wa tatu mwaka mzima. "Alama ya kitabu haijui kujipendekeza," alikuwa akisema.

Vibao vilipoanza kuingia, kwanza cha Nesi, kisha cha Kinyozi, kisha hiki ambacho binti alimletea Kapteni, Mwalimu alinuna mwezi mzima. Kitabu gani hiki kisichonuka, hakiazimiki, kinakufa kwa kukosa umeme?

"Na chako kinakufa kwa mchwa, Mwalimu," Kinyozi alimjibu. "Kila mmoja na ajali yake."

Kanuni ilibaki ileile, ila sasa vilizunguka vibao. Na kulia kwa Nesi, tangu enzi za makaratasi, alikaa Kapteni. Mara moja alikwepa kusoma kwa kusingizia koo. Mara ya pili alikwenda kutafuta kipuri Jumamosi alasiri, wakati maduka yote ya vipuri yamefungwa. Kinyozi akaanza kumtania kwamba anaogopa kusoma mbele ya watu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Sema unaumwa," Fundi alimshauri.

"Nikisema naumwa, Nesi atauliza naumwa nini."

"Basi kuza herufi za kibao chake."

"Amekaa ubavuni kwangu. Ataona." Kapteni akafikiri, kisha akatabasamu lile tabasamu lake la zamani, la mtu aliyegundua njia ya mkato. "Niletee kibao chake kabla ya Jumamosi. Unisomee huo ukurasa mpaka uniingie kichwani. Mashairi ya shule nilikuwa nayameza kwa jioni moja, huu ukurasa mmoja utanishinda?"

&nbsp;

Alhamisi Fundi alikwenda kwa Nesi na sare ya binti yake, sketi mpya yenye pindo nene la kuachia urefu. Binti mwenyewe, wa darasa la pili, aliijaribu palepale akazunguka nayo.

"Nasikia unasoma kitabu kizuri," Fundi akasema, na sauti yake mwenyewe ikamkera. "Niazime kibao nionje. Jumamosi unakikuta kwangu."

"Chukua, dada. Zamu zangu wiki hii hazinipi nafasi hata ya kuota. Ila usinipotezee nilipoishia." Nesi akakifuta kioo kwa kanga kabla ya kumpa. "Yaani tangu tuanze kuazimana vitabu sisi, hakuna hata kimoja kilichopotea. Watu wengine wanaazimana sukari wanagombana."

"Kapteni siku hizi ananiita majina ya wenzangu," mtoto akasema akiwa bado anazunguka. "Kila siku jina lingine. Ananitania, halafu mimi ndiye ninayekaa kiti cha nyuma yake tu."

Nesi akacheka. Fundi naye akacheka, kwa sababu angefanya nini? Njiani kurudi kibao kilimwia kizito mkobani, kitu chembamba kama kipande cha kadibodi.

Jioni ile walianza. Fundi alisoma akipiga pasi, Kapteni akarudia macho ameyafumba. Ulikuwa ukurasa kuhusu dada aliyerudi kwao baada ya mazishi, akawakuta kaka zake wanagawana viti vya baba, na hakuna aliyetaka kiti ambacho baba alifia. Kapteni aliushika upesi. Ijumaa akawa anaongeza manjonjo.

"Hapa kwenye 'wakasukumana' nijikwae kidogo," akasema. "Ionekane nasoma. Halafu nirudie."

"Na miwani uvae."

"Miwani nitaifuta kwanza. Msomaji wa kweli anafuta miwani."

Wakacheka mpaka Fundi akaunguza ukosi wa shati la mteja. Alipouona ule ukosi, kicheko kilimwishia. Akaona aibu kwamba amekifurahia kitu hiki, hata kwa dakika moja.

&nbsp;

Jumamosi walikaa kama kawaida yao. Mwalimu alileta kitabu chake kilichogandishwa kwa gundi mgongoni, Kinyozi akakisoma, wakabishana, chai ikamiminwa. Fundi alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni. Kibao cha Nesi alikuwa amekifungua mwenyewe mahali penyewe, akahakikisha, akahakikisha tena, kisha akamrudishia mwenyewe.

"Haya, Kapteni," Nesi akasema, akampa. "Leo huna koo wala kipuri."

"Leo nina sauti ya kuuza," Kapteni akajibu. Akatoa miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa. Akakishika kibao kwa mikono miwili, kama usukani, na dole gumba la kulia likatua juu ya kitufe kidogo cha chini.

Fundi aliona kioo kikipepesa. Maandishi yakaondoka. Ikaja ile picha ambayo kibao huiweka kikilala, mti mmoja wa kijivu, hauna hata neno.

Kapteni akaanza kusoma. Alisoma vizuri, hakuna wa kumnyima haki hiyo. Sauti ilipanda kaka mkubwa alipofoka, ikashuka dada aliposimama mlangoni. Kwenye "wakasukumana" alijikwaa, akasema "samahani," akarudia. Macho yake yalikwenda kulia na kurudi kushoto, mstari kwa mstari, juu ya mti. Fundi alitaka kukohoa amwashirie, lakini wote wangegeuka.

Nesi alinyoosha mkono kumwashia. Mkono ukafika nusu ya safari, ukasimama hewani. Akautazama ule mti, akautazama uso wa Kapteni, kisha akageuza kichwa polepole akamtazama Fundi. Ndivyo manesi wanavyotazama jibu la kipimo kabla hawajamwita mwenye nalo.

"...na kiti kile kikabaki peke yake uani," Kapteni akamalizia.

Kinyozi, ambaye alikaa mkabala na kuona mgongo wa kibao tu, akapiga makofi. "Huyo ndiye Kapteni. Nafuta maneno yangu yote."

"Matamshi safi," Mwalimu akasema. Hakuwahi kumwambia mtu hivyo.

"Umesoma vizuri sana," Nesi akasema taratibu. "Hebu endelea na ukurasa unaofuata."

"Kanuni ni mmoja," Mwalimu akakumbusha.

"Leo naomba miwili."

Kapteni akapitisha kidole juu ya kioo, kama anayegeuza. Mti ukabaki mti. Akalamba midomo. "Koo limekauka," akasema. "Fundi, nipatie maji."

Ilikuwa ombi, na halikuwa la maji. Fundi akaingia jikoni akakinga glasi. Uongo alikuwa nao wa kutosha: chaji imeisha, miwani ilikuwa ya zamani, Kapteni alikipenda kitabu mpaka akakikariri. Uongo huo ungetosha kumaliza alasiri. Jumatatu asubuhi yule mtoto angepanda basi na sketi yake mpya, akakaa nyuma tu ya mtu anayemtambua kwa kubahatisha. Fundi aliogopa umaskini, aliogopa hasira ya mumewe, lakini sasa aliiogopa ile sketi zaidi.

Akarudi sebuleni. Akamwekea Kapteni glasi mkononi, akamfungia vidole vyake juu yake, kama alivyokuwa akifanya siku zote hizi bila kujiuliza.

"Kapteni haoni," akasema. "Hicho kibao kimelala tangu mwanzo. Alisoma kwa kichwa, na mimi ndiye niliyemfundisha."

Kinyozi alianza kucheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Kapteni hakusogea.

"Mwanangu anakaa nyuma yake," Nesi akasema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Ulikuja kwangu na sare yake mkononi, Fundi. Ukakaa kwenye kiti changu. Ukacheka naye."

"Nilikuja."

"Mficha maradhi..." Mwalimu akaanza.

"Mwalimu, leo usitupe methali," Nesi akamkata. Alichukua kibao chake mapajani mwa Kapteni, akakiwasha, akakizima. "Macho ya namna hii yakiwahiwa, mtu anaokoa kinachookolewa. Njoo hospitali Jumanne, nitakupokea mwenyewe. Lakini leo siwezi kukaa hapa."

Wengine nao wakaaga, kila mmoja akitafuta viatu vyake kwa bidii kuliko ilivyohitajika. Kinyozi alimgusa Kapteni bega, akatoka. Kitabu cha Mwalimu kilisahaulika juu ya meza.

"Umenimaliza mbele ya watu," Kapteni akasema walipobaki wawili.

"Nimekumaliza."

Alikwenda ukutani, akaupata msumari kwa mkono, akatoa funguo za basi. "Aliyesema ndiye arudishe," akasema, akaziweka juu ya cherehani.

&nbsp;

Jumatatu mkuu wa shule alizipokea funguo bila kumkaribisha Fundi kiti. Kuhusu kiinua mgongo alisema bodi ya shule itakaa, na alilisema akitazama dirisha. Nje, dereva wa kukodi alikuwa akijifunza kurudi nyuma na lile basi, na watoto wakimcheka.

Mlinzi wa geti alimsindikiza mpaka barabarani. "Msalimie Kapteni," akasema. "Mwambie sina kinyongo naye kwa yale ya Alhamisi."

"Yapi ya Alhamisi?"

Mlinzi akasita. "Kumbe hakukuambia? Kuna mtoto aliinama hapa kufunga kamba za viatu, mbele ya basi kabisa. Nilipiga bodi la basi kwa mikono miwili. Basi lilisimama likiwa limeugusa mkoba wake. Kapteni akaniambia breki zimechelewa, na mimi nikaamini. Breki huchelewa, mama."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Siku mbili zote hizo mumewe hakumsemesha, naye alikuwa akipanga maneno ya kumwomba msamaha. Njiani maneno yote yakamtoka.

Kapteni alikuwa amekaa kando ya cherehani, kibao mapajani, kimezimwa. "Umezirudisha?"

"Nimezirudisha."

"Mlinzi kasemaje?"

"Amekusalimia."

Kapteni akageuza kichwa pembeni, kama anavyofanya akitaka kumwona. "Hakutaja habari za mtoto aliyeinama?"

Fundi akatua mkoba chini. "Ametaja."

"Nilisikia bodi inapigwa. Yule mtoto sikumwona, Fundi. Nilimwona alipochomoka pembeni anakimbia. Na Ijumaa nikaendesha tena."

"Na Ijumaa ileile jioni ulikaa hapa ukaniambia tuweke kujikwaa."

"Nilikuambia."

"Nikacheka."

"Tulicheka wote."

Hasira ilimpanda Fundi. Alikuwa na mkasi mbele yake, akausukuma mbali. Akalia, kwa hasira zaidi ya huzuni, na hakujificha uso, kwani wa kumficha alikuwa nani. Kapteni alisikiliza, hakumwambia anyamaze. Kilio kilipoisha, Fundi akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akaketi kwenye cherehani. Kazi ilikuwa nyingi, na sasa ndiyo iliyobaki.

"Kesho tunakwenda kwa Nesi," akasema.

"Atanipokea?"

"Alisema atakupokea. Hakusema atakusamehe."

Akatia nguo chini ya sindano. Uzi alikuwa ameutunga mwenyewe asubuhi, mara ya tano ndipo ulipoingia. Kisha akasema bila kugeuka, "Soma."

"Nini?"

"Hicho chako. Yule mzee wa ghalani. Washa usome kwa sauti, nikusikie unafanya kitu cha kweli."

Kapteni akakiwasha. Akakisogeza mpaka karibu na shavu, akakiinamisha, akaanza kuokota maneno kwa pembeni mwa jicho. Hapakuwa na manjonjo wala sauti ya kaka mkubwa. Alisoma kama anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. "Ndani ya ghala... hapakuwa na nafaka." Kimya, kidole, ukurasa. Cherehani ilikuwa ikikimbia, na kila alipofika mwisho wa maneno yake sita, Fundi aliuinua mguu wake kwenye pedali, akamsubiri ageuze.